Tembe, Paa la Kuficha na Jengo Linaloifaa Dodoma

Mtu anayetoka Dodoma mjini kuelekea vijiji vya Bahi au Chamwino bado anaweza kuiona, hapa na pale, nyumba ya tembe: kuta fupi za miti na udongo, paa bapa lililofunikwa udongo, na ua katikati. Akirudi mjini na kupita Iyumbu, Ilazo au Nzuguni ataona nyumba mpya ambazo kwa mbali zinakaribiana nayo kwa umbo, kwa kuwa nazo ni bapa juu. Hizi ni nyumba za paa la kuficha, ambazo kuta zake zimepandishwa kupita bati ili bati lisionekane barabarani. Kufanana huko kunaishia machoni. Tembe lina paa bapa kwa sababu ambazo mjenzi wake angeweza kuzieleza moja baada ya nyingine, na zote zinatoka Ugogo. Paa la kuficha limependwa kwa sababu lilionekana zuri kwenye picha, na mara nyingi picha yenyewe ilipigwa mahali penye jua la namna nyingine na mvua ya namna nyingine.

Wabunifu majengo wa zama hizi wanazungumza sana juu ya majengo yanayotokana na mahali na jamii, na watu wengi hulielewa jambo hilo kama suala la mapambo: ukuta wa udongo kidogo, nyasi juu ya banda la wageni, vitenge kwenye mito ya makochi. Uelewa huo unapotosha. Jengo linatokana na mahali pale tu ambapo maamuzi yake makuu, yaani limeelekea wapi, limejengwa kwa vifaa gani, maji yake yanakwenda wapi, nani atalitumia na nani atalitengeneza likiharibika, yamejibiwa kwa kuangalia mahali hapo na kwa kuwauliza watu wa hapo. Nyumba ya saruji na bati inaweza kupita mtihani huo, na nyumba ya udongo ikashindwa.

Kwa Dodoma suala hili lina haraka yake. Tangu mwaka 2016, Serikali ilipotangaza kwamba inahamia huku moja kwa moja, na tangu mji ulipopewa hadhi ya jiji mwaka 2018, viwanja vimepimwa kwa maelfu na nyumba zinaota kila upande. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu takriban 765,000 ndani ya jiji. Nyumba inayojengwa leo itakaliwa miaka 50 au zaidi, na kosa la kuielekeza vibaya halirekebishwi kwa kupaka rangi upya.

Sababu zilizojenga tembe

Dodoma iko kwenye uwanda wa juu, takriban mita 1,120 kutoka usawa wa bahari. Mvua yake ni wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka, karibu yote ikinyesha kati ya Desemba na Aprili, na miezi inayobaki ni ya ukavu na upepo unaovuma kutoka mashariki na kusini-mashariki ukibeba vumbi. Oktoba na Novemba joto la mchana hupita nyuzi 30, wakati usiku wa Julai hushuka hadi nyuzi 13 au 14. Mjenzi wa Kigogo alikuwa anajibu hali hiyo. Mvua ikiwa kidogo kiasi hicho, paa bapa la miti iliyolazwa, fito, nyasi na tabaka nene la udongo linaweza kustahimili, jambo lisilowezekana Bukoba, ambako mvua hufikia milimita 2,000 kwa mwaka. Nyumba ikiwa fupi, upepo unapita juu yake. Na ng'ombe wakilala uani, katikati ya vyumba vinavyowazunguka, mali ya kaya iko salama na mwenye kaya anasikia kila kinachotokea.

Jambo la muhimu kuliko yote ni uzito. Udongo mzito hupokea joto polepole na kulitoa polepole. Ukuta wa udongo wenye unene wa sentimita 30 huchelewesha joto la nje kwa saa 8 hadi 10 hivi, kwa hiyo joto la saa saba mchana linafika upande wa ndani usiku, wakati hewa ya nje imeshapoa na mtu anahitaji uvuguvugu. Paa la tembe lilifanya kazi hiyo hiyo kutoka juu. Bati hufanya kinyume: likipigwa na jua la mchana huweza kupita nyuzi 60, na joto hilo hushuka chumbani mara moja kama hakuna dari wala nafasi ya hewa kutoroka, kisha usiku bati hilo hilo hupoa haraka na kuwaachia wenye nyumba baridi ya Julai.

Hata hivyo sitaki kulisifia tembe kupita kiasi, kwa kuwa walioliacha walikuwa na sababu nzito. Linahitaji nguzo na mihimili mingi ya mti mgumu, na miti hiyo imekwisha kwenye vilima vingi vya Dodoma. Mchwa hawasamehe. Mvua kubwa za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilionyesha jinsi paa la udongo linavyolemewa likishiba maji. Ndani mna giza, na moshi wa kuni hauna pa kutokea. Zaidi ya hayo, Operesheni Dodoma iliyoanza mwaka 1971 iliwahamisha watu kutoka kaya zilizotawanyika na kuwapanga katika vijiji vya ujamaa, na kaya yenye ua wa ng'ombe haikuwa rahisi kupangwa kwenye safu za viwanja vidogo vilivyonyooka. Kwa hiyo hakuna sababu ya kumwambia mtu wa Mvumi au Kigwe arudi kwenye tembe wakati anatamani bati lisilovuja. Kinachostahili kurithiwa ni namna ya kufikiri ya aliyelijenga: aliangalia mvua, upepo, mifugo na miti aliyokuwa nayo, kisha akaamua.

Jua, upepo na mahali pa jiko

Uamuzi wa kwanza haugharimu hata shilingi moja, nao ni kuielekeza nyumba. Dodoma iko nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la saa sita hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na wiki ya pili ya Oktoba. Kati ya Machi na Oktoba jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini, na miezi inayobaki liko kusini, lakini pande zote mbili huwa juu sana. Ndiyo maana kuta za kaskazini na kusini ni rahisi kukingwa: hata Juni, jua linapoinamia kaskazini kuliko wakati wowote, upenu wa mita moja hivi unatosha kulitia kivulini dirisha la kawaida saa sita mchana. Ukuta wa magharibi ni habari nyingine kabisa. Jua la saa kumi linaingia kwa ubavu, linapita chini ya upenu wowote, na linaukuta ukuta ambao tayari umechoshwa na joto la siku nzima. Chumba cha kulala chenye dirisha kubwa la magharibi hapa Dodoma ni chumba ambacho mtoto hatalala vizuri Oktoba nzima.

Kwa hiyo nyumba ilazwe kwa urefu kutoka mashariki kwenda magharibi, madirisha mengi yaangalie kaskazini na kusini, na upande wa magharibi uwekwe vyumba ambavyo watu hawakai muda mrefu: stoo, choo, bafu, jiko. Hapa jua na upepo vinakubaliana kwa namna inayofurahisha. Kwa kuwa upepo mwingi wa kiangazi unatoka mashariki na kusini-mashariki, jiko lililoko magharibi hupeleka moshi na harufu nje ya nyumba badala ya kuvirudisha sebuleni. Mtu akilipeleka jiko mashariki kwa sababu ramani aliyoinunua mtandaoni ilikuwa hivyo, moshi wa mkaa na vumbi vitakuwa wageni wake wa kila siku. Upande huo wa mashariki unafaa zaidi kupandwa mwarobaini, ambao unastawi Dodoma bila kubembelezwa na hupunguza kasi ya upepo kabla haujafika dirishani.

Sasa paa la kuficha linaeleweka vizuri zaidi. Kwa kuupandisha ukuta na kuufuta upenu, mjenzi ameondoa kivuli cha kuta zote nne kwa mara moja. Bati lililojificha nyuma ya ukuta limelazwa karibu bapa, na maji yake yote yanategemea gata ya ndani ambayo majani ya mwarobaini huiziba kimya kimya wakati wa kiangazi. Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja na mara nyingi huja kwa kishindo, hivyo gata hiyo hupata mtihani wake wa kwanza siku ambayo hakuna mtu aliyekumbuka kupanda kuisafisha, na maji hurudi ndani kupitia darini. Anayelipenda umbo hilo anaweza kulipata kwa masharti: vivuli vya zege juu ya kila dirisha, gata pana yenye matundu ya kumwaga nje ya ukuta inapozidiwa, na dari yenye nafasi ya hewa juu yake. Masharti hayo yana bei, na ni haki ya mwenye nyumba kuambiwa bei hiyo kabla msingi haujachimbwa.

Mteremko, udongo na maji

Mji wa Dodoma umelala kati ya vilima vya mawe, na mvua ikipiga Mlimwa au kilima kingine chochote, maji hushuka kwa kasi juu ya ardhi iliyokauka miezi saba. Mpango kabambe wa mwaka 1976, ulioandaliwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada, baada ya uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu ya nchi huku, ulilitilia maanani jambo hilo. Ulikusudia mji wa majengo ya kimo cha chini unaofuata sura ya ardhi, wenye vitongoji vya kutembea kwa miguu, mabasi yenye njia zake, na maeneo ya kijani kati ya makazi, tofauti na miji mikuu iliyojengwa kwa fahari ya majumba makubwa na barabara zilizonyooka. Mengi ya mpango ule hayakutekelezwa, lakini wazo lake la kuacha mabonde yawe mabonde lina thamani leo kuliko siku lilipoandikwa. Mtu anayejaza kifusi kwenye korongo ili apate kiwanja kikubwa huwa anamhamishia jirani maji, na jirani huyo hana mahali pa kuyahamishia.

Udongo nao si mmoja. Sehemu zenye udongo wa kichanga chekundu zinajengeka vizuri kwa msingi wa mawe, na mawe yapo kwa wingi. Sehemu za mbuga zenye udongo mweusi hutanuka wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, na nyumba iliyojengwa juu yake kwa msingi wa kawaida hupasuka pamoja nao. Kipimo cha awali kinaweza kufanywa na mtu yeyote. Chukua chupa ya maji iliyo angavu, jaza theluthi moja udongo uliochimbwa chini ya tabaka la mizizi, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa mpaka vichanganyike kabisa, kisha uiache chupa itulie mpaka kesho yake. Mchanga hukaa chini ndani ya dakika moja au mbili, vumbi laini hufuata juu yake, na mfinyanzi hutulia mwisho kabisa kama utando mwembamba. Ukiona mchanga umechukua sehemu kubwa ya chupa na mfinyanzi uko karibu na moja ya tano, udongo huo unaelekea kufaa kwa matofali ya kushindilia. Ukiona mfinyanzi umetawala, usiufyatulie tofali, na umwite mtaalamu kabla ya kuamua msingi.

Matofali hayo ya kushindilia, hasa ya kufungamana ambayo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukiyahimiza, ni jibu zuri la zama hizi kwa swali ambalo tembe lililijibu kwa namna yake. Udongo wa kiwanjani huchanganywa na saruji kidogo, sehemu 1 kwa 10 hadi 16 kutegemea udongo wenyewe, hushindiliwa kwa mashine ya mkono, kisha hufunikwa na kumwagiliwa kwa wiki kadhaa. Hayahitaji tanuri, na katika mkoa ambao kuni na mkaa vimekwangua vilima, tofali lisilochomwa ni neema kwa mti uliobaki. Kwa kuwa yanashikana yenyewe, udongo-saruji wa kuunganishia huhitajika kidogo tu, na sura yake ni nzuri kiasi cha kuachwa wazi bila lipu. Lakini tofali lenye unene wa sentimita 15 halina uzito wa ukuta wa tembe, na fundi asimwahidi mteja ubaridi ule ule. Ukuta wa magharibi unaweza kujengwa mara mbili, au ukakingwa na stoo na kibaraza.

Ndani: kibaraza, msiba na madirisha

Usanifu wa ndani umegeuka kuwa biashara ya jipsam, taa za rangi na vigae vinavyong'aa. Sina ugomvi na urembo. Ninachokitafuta ni kama chumba kinajua watu wake wanaishi vipi, na kwa Dodoma, kama kwa sehemu kubwa ya Tanzania, kipimo kigumu kuliko vyote ni msiba. Siku ya msiba nyumba ya vyumba vitatu hupokea watu mia na zaidi. Makochi hutolewa nje, akina mama hukaa na kulala sakafuni juu ya mikeka, wanaume hukaa uani chini ya turubai, masufuria makubwa hupikwa nyuma ya nyumba, na haya huendelea kwa siku kadhaa. Nyumba yenye sebule iliyokatwa vipandevipande kwa ngazi mbili za mapambo, kochi la kujengea ukutani lisilohamishika, na ua wote uliojazwa zege la kuegeshea magari, humdhalilisha mwenye nyumba siku anayohitaji kusitiriwa zaidi.

Mbunifu anayelijua hilo huiweka sebule mstari mmoja na kibaraza kipana, akivitenganisha kwa mlango wa mbawa mbili unaofunguka wote. Huacha eneo la uani lisilopungua mita 6 kwa 8 bila nguzo wala bustani ya mapambo. Huweka kabati refu la kuhifadhia mikeka na vyombo vya ziada. Huweka choo kinachofikika kutoka nje bila mgeni kupita mlango wa chumba cha wazazi. Mambo hayo hayaonekani kwenye picha ya nyumba ikiwa tupu, na hayo ndiyo yanayoifanya nyumba hiyo ikubaliwe na mtaa.

Jiko lina habari yake pia. Ramani nyingi zinaonyesha jiko la ndani lenye kabati za juu na sinki, na baada ya mwaka mmoja familia inapika nje chini ya kibanda cha bati, kwa sababu ugali wa watu wanane na maharage ya saa tatu hupikwa kwa mkaa au kuni, na jiko la ndani halikupewa bomba la moshi. Jiko la ndani la gesi linaweza kubaki dogo. Jiko la nje lijengwe kwa heshima yake, lenye paa, ukuta wa kuzuia upepo upande wa mashariki, sehemu ya kukaa na bomba la moshi, likiwa sehemu ya nyumba tangu siku ya kwanza ya ramani.

Madirisha ya aluminiamu ya kusukuma yameenea kwa sababu yanafungika vizuri dhidi ya vumbi, na hiyo ni sifa ya kweli Dodoma. Yana upungufu mmoja: hufunguka nusu tu, na nusu hiyo hufunikwa na wavu wa mbu unaopunguza upepo. Nyumba za zamani karibu na stesheni, zilizojengwa reli ilipofika mwanzoni mwa karne ya 20, zilipewa dari ndefu, vibaraza na kuta nene, na nyumba nyingi za baadaye ziliendelea kuwa na matundu ya hewa juu ya madirisha. Tumeyaacha matundu hayo bila kuulizana kwa nini yaliwekwa. Hewa ya joto hupanda juu, na isipopata pa kutokea hukaa chini ya dari mpaka usiku. Tundu lenye wavu juu ya kila dirisha, na jingine juu ya mlango wa ndani, hutoa joto hilo hata madirisha yakiwa yamefungwa kwa ajili ya usalama.

Kuhusu sakafu nitasema machache: saruji iliyosuguliwa vizuri na kutiwa rangi nyekundu, kama ya nyumba za zamani, ni ya baridi, ya bei nafuu, na fundi wa mtaa anaweza kuirekebisha.

Jamii inashiriki nini hasa

Neno jamii hutajwa kwa wepesi mno katika mazungumzo ya usanifu. Katika vijiji vya Dodoma na Singida ujenzi wa darasa au zahanati kwa kawaida huanza kwenye mkutano wa kijiji. Wananchi huchangia fedha, hukusanya mchanga na mawe, huchota maji, huchimba msingi, na jengo hupanda mpaka hatua ya boma, yaani kuta zimesimama bila paa. Kisha hungoja fedha za kukamilisha. Hakuna atakayesema kwamba watu hao hawakushiriki. Lakini ramani mara nyingi ni ile ile inayotumika nchi nzima, na waliolibeba jengo mabegani hawakupewa nafasi ya kusema hata neno moja juu yake.

Ramani moja ya nchi nzima ina faida zake: inarahisisha makadirio, inazuia ubadhirifu, na mafundi huizoea. Sidhani inafaa kutupwa. Ila ramani hiyo haiamui jengo liangalie upande gani, wala miti ipi iachwe, wala benchi la kusubiria likae wapi, na hayo ndiyo mambo ambayo wanakijiji wanayajua kuliko mtu yeyote. Chukua zahanati. Mjamzito anayetoka kitongoji cha mbali huja na mama yake au shangazi yake, na huyo ndiye atakayempikia na kumfulia. Akina mama wa kijiji wakiulizwa mapema watasema kwamba panahitajika banda la kupikia, kamba ya kuanikia na kivuli cha kukaa wanaosindikiza wagonjwa. Wasipoulizwa, wasindikizaji hao watapika nyuma ya wodi, na moshi utaingia kwa wazazi na watoto wachanga.

Mfano unaotajwa sana duniani ni shule ya msingi ya Gando nchini Burkina Faso, iliyokamilika mwaka 2001. Mbunifu wake, Francis Kéré, alizaliwa katika kijiji hicho hicho, na mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Pritzker, tuzo kubwa ya kimataifa ya usanifu majengo. Gando ni kukavu na kuna joto kama la kwetu au zaidi. Shule ilijengwa kwa matofali ya udongo na saruji, dari ya matofali yenye matundu, na juu yake paa la bati lililoinuliwa mbali na dari kwa kenchi zilizochomelewa kutokana na nondo za kawaida, ili upepo upite katikati na kuliondoa joto kabla halijafika darasani. Wanakijiji walikuwa na shaka na udongo, kwa kuwa walishaona nyumba nyingi za udongo zikibomolewa na mvua, na ilibidi waonyeshwe kwa vitendo kwamba tofali lile linastahimili. Ninalolipenda zaidi kwenye habari hiyo ni kenchi za nondo. Zilichaguliwa ili wachomeleaji wa pale waweze kuzitengeneza wenyewe, na kijiji kikabaki na mafundi wenye ujuzi mpya baada ya shule kukamilika. Mchomeleaji wa mtaa wa Majengo au Nkuhungu hapa Dodoma angeweza kuifanya kazi hiyo kesho asubuhi.

Mfano wa upande wa pili unatoka Misri. Katika miaka ya 1940 Hassan Fathy alijenga kijiji kipya cha Gourna karibu na Luxor, kwa udongo na kwa kuba nzuri sana, ili watu waliokaa juu ya makaburi ya kale wahamie huko. Majengo yalikuwa mazuri na vifaa vilikuwa vya pale pale, lakini wengi wa wanakijiji walikataa kuhama, na kijiji hakikukamilika. Hawakuwa wameomba kuhama, na riziki yao ilikuwa kule walikokuwa. Udongo haukuweza kufidia uamuzi uliofanywa bila wao. Wazee wa Ugogo walioishuhudia Operesheni Dodoma hawahitaji kufafanuliwa hilo kwa mfano wa ng'ambo.

Kwa hiyo kipimo cha ushiriki ni kama kuna kitu kwenye ramani kilibadilika baada ya watu kusema. Kamati ya ujenzi ya kijiji inaweza kuanza na zoezi la asubuhi moja: mtaalamu wa halmashauri na wanakijiji wanachora jengo kwa majivu juu ya ardhi, kwa vipimo vyake halisi, na watu wanatembea ndani yake. Mama anasimama mahali pa dirisha na kusema jua la jioni litampiga hapa. Mzee anaonyesha mahali maji yalipopita mwaka wa mvua kubwa. Mwalimu anauliza watoto watapanga wapi foleni ya uji. Kuhamisha mstari wa majivu ni kazi ya dakika mbili.

Gharama na mahali pa kuanzia

Pingamizi la kawaida ni kwamba haya yote ni ya wenye fedha. Kwa sehemu kubwa ni kinyume, na hesabu ya maji inaonyesha hivyo. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 100, kwa mvua ya milimita 570 na kwa kukadiria kwamba moja ya tano itapotea, hutoa takriban lita 45,000 kwa msimu. Familia inayotumia lita 100 kwa siku kwa kunywa, kupika na kuosha vyombo inahitaji lita zipatazo 21,000 kuvuka kiangazi, kuanzia Mei hadi Novemba. Tangi la plastiki la lita 2,000 halitoshi hata mwezi mmoja, wakati tangi la kuchimbia ardhini linatosha, na linaokoa fedha za boza kila mwaka kwa maisha yote ya nyumba.

Shimo la tangi hilo, lenye upana wa mita 3.5 kila upande na kina cha mita 2.5, hutoa mita za ujazo 30 hivi za udongo. Ukiuondoa ule wa juu wenye mizizi, na mawe yanayobaki kwenye chekecheo, na kama kipimo cha chupa kimeukubali, udongo uliobaki hufyatua zaidi ya matofali 4,000 ya kufungamana, ambayo ni sehemu kubwa ya kuta za nyumba ya vyumba vitatu. Udongo huo haukununuliwa wala kusafirishwa kwa lori. Kwa sababu hiyo ninawashauri wenye viwanja wachimbe tangi kwanza, mbali kidogo na mstari wa msingi ili lisiudhoofishe, na waanze Mei mara tu mvua inapokatika, ili matofali yapate wiki zake za kumwagiliwa, kuta zipande Agosti na Septemba, na bati, gata na tangi viwe vimeunganishwa kabla ya mvua ya kwanza ya Desemba.